Mavic 3 kwenye upepo wa kusi: jicho zuri, jina baya

Kwa picha, Mavic 3, droni ya kukunja ya kampuni ya DJI ya China, inastahili sifa zote inazopewa. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi anayetaka kuinunua, picha ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni kwamba mashine hii hii, yenye rangi ile ile ya kijivu na mlio ule ule wa nyuki, ndiyo askari wanayoitia kwenye begi wakienda vitani, na vita viko ng'ambo ya mto Ruvuma, kwenye mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Mapitio mengi ya droni huandikwa na watu wanaorushia kwenye mashamba ya Ulaya. Haya ni ya anayerushia kati ya Kilwa na Kitaya, kijiji cha mpakani.

Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana jina Mavic 3 ni la ukoo mzima. Ya kwanza ilitoka Novemba 2021, ina gramu 895 na kamera mbili. Mwaka mmoja baadaye ikaja Classic, yenye kamera kubwa ile ile bila ile ndogo ya kuvuta mbali. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,469 bila rimoti. Mwaka 2023 ikaja Pro yenye kamera tatu. Pembeni yao kuna ndugu wa kazi: E ya wapima ardhi, T yenye kamera ya joto, na M ya wakulima, inayopiga picha za mwanga ambao jicho la binadamu halioni ili kuonyesha mimea inayoumwa. Umbo ni moja, betri ni moja ya mAh 5,000. Muuzaji akikwambia "Mavic 3" bila kutaja herufi inayofuata, muulize. Tofauti ya bei kati ya Classic na T inatosha kununua pikipiki.

Kamera ya Classic haihitaji maneno mengi. Kihisi chake ni kikubwa kwa mashine ya kukunja, megapikseli 20, na tundu la mwanga linafunguka na kufunga kutoka f/2.8 hadi f/11. Kwa pwani yetu hilo la tundu ni muhimu kuliko video ya 5.1K wanayoitangaza. Mchanga wa Msimbati saa sita mchana ni mweupe kiasi cha kuunguza picha, na droni ndogo zisizoweza kufunga tundu hulazimisha kubadilisha vioo vya giza kila mara. Hii unaifunga f/8, unapunguza mwanga kidogo chini ya kipimo chake, unaendelea. Memori ya ndani ni GB 8 tu, weka kadi. Na kama rimoti ni ile ya kubana simu, elewa kwamba kwa simu za Android programu ya DJI Fly inashushwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, haimo kwenye duka la Google. Ishushe, iwashe na uisajili mashine ukiwa mjini penye intaneti, ushushe na ramani ya eneo unalokwenda. Nanyumbu siyo mahali pa kugundua kwamba kioo kinaonyesha viboksi vya kijivu.

Sasa upepo, ambao ndio unaoua droni nyingi za pwani.

Karatasi ya kiwanda inasema dakika 46 hewani. Hizo ni dakika za hewa tulivu, mwendo wa kilomita 32 hivi kwa saa, mpaka betri ifike sifuri. Hakuna anayerusha mpaka sifuri. Ukiweka akiba ya asilimia 25, na kusi ikiwa inavuma kama inavyovuma Juni hadi Agosti, panga kazi ya dakika 28 hadi 30. Kiwanda kinasema inahimili upepo wa mita 12 kwa sekunde. Kweli inahimili, kwa maana kwamba inabaki pale pale. Kurudi nyumbani ni habari nyingine.

Piga hesabu rahisi. Umesimama Mikindani, kusi inasukuma kutoka kusini mashariki kwa mita 10 kwa sekunde, nawe umeelekeza mashine kaskazini magharibi. Inakwenda kwa mita 15 kwa sekunde huku upepo ukiisaidia, inafika kilomita 2 kwa dakika mbili na sekunde chache, betri imetoka asilimia 100 hadi 93, umefurahi. Wakati wa kurudi upepo uko usoni. Mashine inayopasua hewa kwa mita 15 inasogea juu ya ardhi kwa mita 5 tu. Kilomita zile zile mbili zinakula karibu dakika saba, tena kwa kuinamia upepo, hali inayonyonya betri haraka. Ukiwa umekaa kule dakika 25 ukizungusha picha, hesabu haifungi. Wavuvi wa mashua wanaijua kanuni hii bila karatasi: enda kinyume cha upepo kwanza ungali na nguvu, rudi ukiwa umechoka huku upepo ukikubeba. Na usiamini upepo wa usawa wa uso. Ukisimama nyuma ya minazi unaona majani yakicheza kidogo tu, kumbe mita 100 juu ni hewa nyingine. Panda hadi mita 60, simamisha dakika moja, tazama mashine imeinama kiasi gani, ndipo uamue.

Kazi ya siku ipange kati ya alfajiri na saa nne asubuhi. Msimu wa kaskazi una pepo laini zaidi, ila ndio msimu wa mvua kwetu, na Mavic 3 haina kinga yoyote ya maji iliyothibitishwa. Tone likiingia kwenye matundu ya kupozea, mashine inaweza kuendelea siku hiyo na kufa wiki inayofuata, ubao ukiwa umeota kutu ya kijani. Chumvi hufanya vivyo hivyo bila mvua. Ukitoka baharini pangusa mwili na mapangaboi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, zungusha kila mota kwa kidole usikilize. Mota nzuri haina sauti. Ukisikia mkwaruzo ni mchanga umeingia, maana ndani mna sumaku na sumaku hupenda ule mchanga mweusi wenye chuma. Puliza kwa pampu ya mkono. Usitie mafuta ya kupuliza ya bawaba za milango. Yanakusanya vumbi zaidi. Inua na utue juu ya mkeka, haijalishi ni wa ukindu au wa plastiki.

Kurusha kutoka kwenye boti ni mtego wake peke yake. Mashine hukariri mahali ilipoinukia kama nyumbani. Boti ikisogea mita 300, ukapoteza mawasiliano, droni itarudi kwa uaminifu mkubwa mahali pale pale na kutua majini. Kila baada ya dakika chache badilisha nyumbani kuwa ilipo rimoti, menyu ipo. Vihisi vya chini navyo hudanganywa na maji yanayometa, kwa hiyo usishuke chini ya mita tatu juu ya mawimbi, na kupokea kwa mkono ni kazi ya watu wawili. Nchi kavu, hofia vitu vyembamba: nyaya za umeme, vijiti vya mikorosho vilivyokauka, kamba za kuanikia. Vihisi vyake vya pande zote huona ukuta na shina, haviwezi kuona waya. Na usiinue mashine juu ya gati, zege lenye nondo nyingi au paa la bati. Dira yake huchanganyikiwa, halafu angani inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Newala wana tatizo lao la pekee. Kimo unachokiona kwenye kioo ni kimo kutoka ulipoinukia, siyo kutoka ardhi iliyo chini ya mashine kwa wakati huo. Ukiwa ukingoni mwa uwanda wa Makonde ukaisukuma kuelekea bonde la Ruvuma, kioo kinasema mita 40 wakati chini yake kuna mita mia kadhaa za hewa, na tayari umevunja kikomo cha mita 120 cha sheria. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukiinukia bondeni na kuweka kimo cha kurudi mita 50, ukipoteza mawasiliano nyuma ya mteremko mashine inaweza kujigonga mwambani ikirudi. Weka kimo cha kurudi kwa kutazama kilima kirefu zaidi kati yako na mashine, ongeza mita 30.

Tumefika Ruvuma, basi tuingie kwenye lile jina baya.

Mtu wa Tandahimba akisikia neno droni hafikirii harusi. Anafikiria kinachosemwa redioni, na kinachosemwa redioni ni kikubwa kuliko hiki kidude cha kukunja. Bayraktar TB2 ya Uturuki, iliyopata umaarufu Libya na kisha Nagorno-Karabakh mwaka 2020, ina mabawa ya mita 12, inakaa hewani hadi saa 27, na chini ya mabawa inaning'iniza mabomu manne ya kuongozwa, ya MAM-L yakiwa na kilo 22 kila moja. Inaruka juu kiasi kwamba aliye chini huenda asisikie kitu. Ndege za aina hiyo ndizo zimegeuza vita vya jirani kuwa vita vya wageni bila mgeni kukanyaga ardhi. Libya mwaka 2019 na 2020, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi droni za Wing Loong za Kichina zilivyoletwa na Falme za Kiarabu kumsaidia Khalifa Haftar, mbabe wa kivita wa mashariki, huku TB2 za Uturuki zikiwa upande wa serikali ya Tripoli. Ethiopia, Januari 7, 2022, shambulio la droni kwenye kambi ya waliokimbia makazi Dedebit, Tigray, liliua watu zaidi ya 50. Sudan, Mei 2025, droni zilifika hadi Port Sudan, mji ambao watu walikuwa wamekimbilia wakidhani uko mbali na vita.

Mavic 3 haina uhusiano na ndege hizo zaidi ya jina la jumla. Uhusiano wake uko kwenye ngazi ya chini, ule wa kikosi cha watu kumi. Na hapa Cabo Delgado inafundisha kitu ambacho mapitio ya kamera hayagusi.

Vita vile, kati ya waasi wenye silaha na serikali ya Msumbiji, vilianza Oktoba 5, 2017, Mocímboa da Praia. Miongoni mwa wageni wa kwanza wa kulipwa walikuwa Wagner wa Urusi, Septemba 2019, na helikopta pamoja na droni za upelelezi. Baada ya miezi michache na hasara porini wakaondoka Cabo Delgado. Aprili 2020 ikaja Dyck Advisory Group, kampuni ya Afrika Kusini, na helikopta ndogo za Gazelle na ndege nyepesi. Mkataba wake uliisha Aprili 2021, siku chache baada ya shambulio la Palma. Machi mwaka huo huo Amnesty International iliishutumu kampuni hiyo kwa kufyatua risasi kutoka angani bila kubagua na kudondosha mabomu ya mkono kwenye makundi ya watu. Kampuni ikasema itaitisha uchunguzi wa nje.

Tulia hapo kidogo. Mwaka 2020, kule Cabo Delgado, kudondosha bomu la mkono kutoka juu kulikuwa kazi ya helikopta, rubani, mapipa ya mafuta na mkataba wa serikali. Miaka miwili baadaye, Ukraine, kazi hiyo hiyo ikawa inafanywa na kijana mmoja mwenye droni ya harusi. Hilo ndilo badiliko, na ndilo linalomfanya askari wa mpakani asikuangalie kwa jicho la "mpiga picha huyu".

Aprili 26, 2022, DJI ilitangaza kusimamisha biashara Urusi na Ukraine, ikisema haitaki bidhaa zake zitumike vitani. Mashine ziliendelea kufika kupitia nchi za tatu. Kampuni haiwezi kuzuia, kwa sababu kila sifa inayouzia ndiyo sifa inayotakiwa vitani: mawasiliano ya kilomita nyingi, betri ya dakika 40, kamera inayovuta mbali, mashine inayotulia palepale kwenye upepo. Mpima mashamba ya korosho na mpiga mizinga wanataka kitu kimoja.

Kilichorudisha Mocímboa da Praia mikononi mwa serikali Agosti 8, 2021, kilikuwa askari wa miguu, Wanyarwanda walioingia mwezi uliotangulia wakiwa elfu moja, pamoja na jeshi la Msumbiji. Kikosi cha SADC, ambacho Tanzania ilitoa askari, kiliingia Julai hiyo hiyo na kumaliza muda wake Julai 2024. Pori la kule ni kama la kwetu, na pori ni adui wa kamera ya angani. Tunalisema kwa sababu wauzaji wa Mavic 3T hutumia neno "inaona kupitia miti". Haioni. Kamera ya joto inasoma joto la uso wa kitu; jani likikaa katikati, inasoma joto la jani. Chini ya mkorosho uliokomaa unaweza kukalisha watu ishirini na T isione hata mmoja. Mchana, udongo ukiwa umefika nyuzi 38 au 40, mtu aliye kwenye uwazi naye hupotea, kwa kuwa joto lake na la ardhi linakaribiana. Saa zake nzuri ni kuanzia saa tisa usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Tukiwa hapo, tuieleze T kikamilifu, maana kuna taasisi zinaihitaji kwa haki. Picha yake ya joto ni pikseli 640 kwa 512. Kwa pembe ya lenzi yake, ukiwa mita 100 juu kila pikseli inafunika karibu sentimita 14 za ardhi. Kichwa cha mvuvi anayeelea ni kama pikseli moja na nusu, yaani hakuna kitu, utakipita. Shuka hadi mita 40, pikseli inakuwa chini ya sentimita 6, kichwa kinakuwa nukta tatu au nne zinazosogea, hapo jicho linakamata. Kwa kutafuta watu baharini, basi, T inafaa, ila kwa vipande vyembamba vya kwenda na kurudi kwa kimo cha chini, na betri sita siyo mbili. Kwa tembo wanaoshuka mashambani Liwale na Nachingwea inafaa zaidi, tembo ni mkubwa na ni wa usiku. Askari wa wanyamapori walishajaribu droni kufukuza tembo upande wa Tarangire na Serengeti na tembo wakakimbia, inadhaniwa kwa sababu ya mlio unaofanana na nyuki. Jina "ndege nyuki" lilipewa kwa busara.

Kwa mtu binafsi, T tunasema usiinunue. Kamera ya joto mikononi mwa mtu asiye na barua ya taasisi, ndani ya mkoa unaopakana na Cabo Delgado, inahitaji maelezo marefu kuliko thamani ya picha itakayokupa.

E ndiyo inayoingiza pesa. Ina shata ya mitambo, kwa hiyo picha hazipindi mashine ikiwa mwendoni, na hupiga kila sekunde 0.7. Ukiiweka mita 100, pikseli moja ni sentimita 2.7 hivi. Panga picha zipandane asilimia 80 mbele na 70 ubavuni. Mikorosho iliyopandwa kwa kipimo cha mita 12 kwa 12 ni miti 69 kwa hekta, na kwenye picha ya namna hiyo inahesabika moja moja. Mashamba ya zamani ambayo matawi yameshikana yatakudanganya. Programu inahesabu miti mitatu kuwa mmoja, itabidi mtu akatembee. Anayefikiria kupuliza salfa kwa Mavic asahau. Haibebi tangi. Za kupuliza ni Agras, T40 ina tangi la lita 40, na hizo ni mapitio ya siku nyingine pamoja na jenereta lake.

Turudi kwenye mto. Uzio wa kielektroniki wa DJI, ule ulioundwa kuizuia mashine kuinuka karibu na uwanja wa ndege, umejengwa hasa kwa ajili ya viwanja vya ndege na maeneo nyeti, siyo kwa ajili ya mipaka ya nchi. Tena kampuni yenyewe imekuwa ikiulegeza: Marekani, Januari 2025, uligeuzwa kuwa onyo tu. Usitegemee mashine ikusimamishe katikati ya Ruvuma. Mawasiliano yake kwenye karatasi ni kilomita 15 penye uwazi kwa masafa ya Kimarekani, 8 kwa ya Ulaya. Hata ukipata tatu tu, umeshavuka mto na kuingia nchi nyingine. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 8, ulishakataza chombo kisicho na rubani kuruka juu ya nchi nyingine bila idhini yake maalumu. Aliye ng'ambo hataanza na kifungu. Ataanza na bunduki, na ukiwa na bahati ataipiga droni.

Na wa upande wetu pia. Oktoba 2020 wavamizi walivuka na kushambulia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Polisi wakasema walikuwa takriban 300. Katika vijiji vya ukingo huo mlio wa angani usioelezwa ni dalili ya jambo. Mwenyekiti wa kijiji akikuita, usimwambie "naruhusiwa." Mwamkie, mwonyeshe karatasi, mweleze utarusha wapi na utamaliza saa ngapi, umwachie namba yako ya simu.

Kitu kingine wengi hawakijui: Mavic 3 hutangaza hewani namba yake, mahali ilipo, na mahali alipo mwenye rimoti. DJI iliwahi kuuza kifaa kiitwacho AeroScope cha kusoma matangazo hayo, na mwaka 2022 ikabainika kwamba hayakuwa yamefichwa kwa siri yoyote. Ukraine kulikuwa na taarifa za waendeshaji kulengwa kwa njia hiyo. Kwetu maana yake ni nyepesi zaidi lakini ipo. Ukidhani uko peke yako porini, kwa mwenye kipokezi uko kwenye ramani. Kwa mwenye kibali hiyo ni nafuu, inathibitisha ulikuwa uliposema.

Uvurugaji wa mawimbi ya setilaiti nao umekuwa kawaida ya vita vya sasa, na mawimbi hayo hayajui mto. Dalili: idadi ya setilaiti inashuka ghafla kutoka 20 na kitu hadi 5, mashine inaanza kuteleza na upepo, kitufe cha kurudi nyumbani hakifanyi kazi kwa kuwa nyumbani haijulikani. Usihangaike na menyu. Itazame kwa macho, igeuze mkia uje kwako, shusha hadi chini ya mita 15 ambapo vihisi vya chini vinaona ardhi na vinaishikilia, kisha ilete. Ndiyo sababu ya kutorusha mbali kuliko macho yanavyoona, hata kama kioo kinakuonyesha picha safi.

Vibali. Tanzania ina kanuni za droni tangu 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mashine inasajiliwa, kazi inaombewa kibali, na Wizara ya Ulinzi inapaswa kuridhia. Andaa namba ya mashine, nakala ya risiti, madhumuni, tarehe, na viwianishi vya eneo. "Mtwara" peke yake haitoshi, andika kijiji na kata. Omba kabla ya kununua tiketi. Wanaoleta mashine kutoka nje bila kibali huiacha forodhani. Kikomo ni mita 120. Programu itakuruhusu kupandisha hadi 500, na programu haitakwenda nawe kituoni. Pa kutorusha kabisa: mitambo ya gesi ya Madimba, Msimbati na Songo Songo, bandari, viwanja vya ndege (mji wa Mtwara karibu wote uko jirani na uwanja, na Kilwa Masoko wa kwao umo mjini), na kambi za Nachingwea, mji uliozoea jeshi tangu FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakifunzwa pale miaka ya 1960. Magofu ya Kilwa Kisiwani yana wasimamizi wake. Ongea nao mapema. Na juu ya jando au unyago usirushe hata ukilipwa. Hakuna kibali cha TCAA kinachofunika hilo.

Kwa anayenunua iliyotumika: washa mbele ya muuzaji, hakikisha akaunti yake imeondolewa kwenye mashine, vinginevyo umenunua tofali. Tazama mizunguko ya kila betri kwenye programu. Ikipita 150 shusha bei, ikikaribia 200 ihesabu kama haipo. Kunja na kukunjua mikono minne ukitafuta ufa kwenye bawaba. Mapanga yabadilishe hata yakionekana mazima, kwa jozi zake zenye alama. Betri ni ya Wh 77, inaruhusiwa kwenye ndege kwa kuwa iko chini ya 100, ila ibebe mkononi, kila moja kwenye mfuko wake. Chaja ya wati 65 inachukua zaidi ya saa moja na nusu kwa betri moja, kwa hiyo kijijini panga umeme wako. Usichaji betri ikiwa bado ya moto, na usiiache imejaa. Yenyewe hujipunguza hadi karibu asilimia 60 ndani ya siku tisa, lakini kwa joto la kwetu siku tisa ni nyingi.

Tunapendekeza Classic kwa harusi, hoteli na utalii. E kwa wapimaji. M kwa ushirika wenye mtu anayejua kuzisoma zile picha, vinginevyo ni ramani nzuri ya ukutani. Betri tatu ndiyo idadi ya chini.

Na ikikudondokea ng'ambo ya Ruvuma, iache. Usikodi mtumbwi. Kwenye programu fungua sehemu ya kutafuta droni, piga picha ya viwianishi vya mwisho, saa, na namba ya mashine, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyo hiyo uandikishe upotevu pamoja na nakala ya kibali. Toa na kadi zote zilizobaki za picha za siku hiyo bila kufuta kitu. Mashine ikiokotwa na mtu mwingine kule, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha iliondoka mikononi mwako saa ngapi, na ilikuwa inapiga picha ya nini.